Nyumba ya shale kwenye mteremko wa Nguba: vyumba vikae wapi?

Swali: Tuna parseli huku Nguba, Bukavu, mita 20 upande wa barabara na mita 30 kuelekea ziwa. Barabara iko juu, kusini; ziwa liko chini, kaskazini, na udongo unashuka kama mita 5 kutoka barabara hadi mwisho. Tuko baba, mama, wavulana wawili, wasichana wawili, na mama mkwe anayetembea na fimbo. Wageni kutoka Walungu na Uvira hawakosekani. Tunapenda nyumba ya kisasa ya mtindo wa shale: paa kali, kioo kikubwa mbele, saloni iliyo wazi hadi paani, mezanini (sakafu fupi ya juu inayotazama saloni). Mchoraji ametuletea plani ya kuiga picha ya intaneti: saloni na jiko wazi chini, vyumba vyote vinne juu. Anataka kwanza tusawazishe parseli nzima. Tuifuate?

Jibu: Hapana, Mama, msiifuate. Mtindo wenyewe unafaa Bukavu kuliko miji mingi, kwa sababu shale ni nyumba ya milimani. Kule Alpi, Uswisi na Savoie, zilijengwa kwenye miteremko: chini msingi wa mawe uliozama nusu ardhini, humo mifugo na akiba, juu yake mbao, humo familia, kisha paa pana linalotoka nje ya kuta. Uso wenye pembetatu ya paa ulitazama bonde. Mchoraji wenu amechukua sura ya nje akaacha mpango wa ndani, na sasa anataka mteremko uondoke ili plani yake ikae.

Katika nyumba ya namna hii, mahali pa vyumba panaamuliwa kwenye mkato, yaani mchoro unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa kutoka barabarani hadi ziwani, ukiwa na mstari wa udongo na mstari wa paa. Mstari wa udongo unaonyesha mtu ataingilia wapi bila kupanda ngazi. Mstari wa paa unaonyesha mtu mzima atasimama wapi bila kuinama. Kila chumba kinatafutiwa nafasi kati ya mistari hiyo miwili. Mwombeni huo mkato kabla ya kitu kingine, kwa kipimo cha 1/50, vimo vyote vikiwa vimeandikwa.

Udongo kwanza

Mita 5 kwa mita 30 ni kushuka mita 1 kila mita 6. Hakikisheni wenyewe kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, pamoja na vigingi na kamba: shukeni kutoka barabarani mkiandika tofauti ya kimo kila mita 3. Mteremko mara nyingi haushuki sawasawa. Unaweza kuwa mpole mita 10 za kwanza kisha ukatumbukia, na hapo vipimo ninavyotoa hapa vitabadilika.

Chukueni nyumba ya mita 9 kwa upana na mita 12 kwa kina, iliyo mita 6 kutoka barabarani ili gari lipate nafasi ya kusimama. Chini ya nyumba hiyo udongo unashuka mita 2. Mkisawazisha, nusu ya nyumba itakaa kwenye udongo mgumu uliokatwa, na nusu kwenye udongo uliojazwa. Udongo uliojazwa hushuka, hasa baada ya msimu wa mvua wa kwanza na wa pili, na nyumba hupasuka katikati, pale pande hizo mbili zinapokutana. Zaidi ya hapo, mkikata parseli nzima mtaacha kuta za udongo wazi juu na chini, na majirani wa pande zote mbili wataingia hatarini pamoja nanyi. Bukavu tunaijua hiyo hatari: huko Funu, katika Kadutu, mlima unatembea polepole, na nyumba zinatembea nao. Kwenye parseli yenu angalieni miti iliyoinama shina, nyufa za mviringo kwenye udongo, na mahali panapotoka maji hata Julai. Mkiona hata moja kati ya hizo, mtafuteni mhandisi wa udongo kabla ya mchoraji.

Basi uacheni mteremko ulivyo, uwazalishie ghorofa moja. Sakafu kuu, ile ya kuingilia, iwe sentimita 30 juu ya udongo wa upande wa barabara. Kwenye ukuta wa upande wa ziwa sakafu hiyohiyo itakuwa mita 2.3 juu ya udongo. Chini ya nusu ya mbele, yaani mita 6 za upande wa ziwa, mnapata ghorofa ya bustani, sakafu yake ikiwa mita 2.8 chini ya sakafu kuu. Hapo mtachimba sentimita 50 tu mbele, na nyuma ukuta utazuia udongo wa mita 1.5 hivi. Hiyo ni kazi inayobebeka. Nusu ya nyuma ya nyumba inakaa moja kwa moja juu ya udongo mgumu, bila kujaza, na msingi unashuka kwa vidato, kila kidato kikiwa bapa. Msingi unaofuata mteremko kwa kulala hutelezea ziwani.

Sakafu kuu: mama mzee, saloni, jiko

Mama mkwe anatembea na fimbo. Hilo peke yake linatosha kukataa plani ya vyumba vyote juu. Chumba chake kiwe kwenye sakafu ya kuingilia, na choo chake kiwe mlango wa pili. Kutoka kwenye geti hadi kitandani asikute ngazi hata moja: zile sentimita 30 za mlangoni zifanywe njia ya kupanda polepole ya mita 3.6, sentimita 1 kwa kila 12, yenye chuma cha kushikia upande mmoja. Milango yake miwili iwe na nafasi wazi ya sentimita 90.

Ndani ya kuta upana ni mita 8.6. Gawanyeni nusu ya nyuma, ya upande wa barabara, kwa mistari mitatu: mita 3.3 magharibi, koridoo ya mita 1.6 katikati, mita 3.4 mashariki, na kuta mbili za sentimita 15 kati yake. Mashariki, karibu na barabara, kiwe chumba cha mama mzee, 3.4 kwa 3.6. Wengine watataka kumpa upande wa ziwa kwa heshima. Mimi ningemweka hapo, kwa sababu dirisha lake litaona geti na barza, na mtu mzima anayeshinda nyumbani anataka kuona nani anaingia. Baada ya chumba chake, kuelekea ziwa, bafu na choo, 3.4 kwa 1.9, vinavyotumiwa pia na wageni wa mchana. Magharibi iwe depo, yaani stoo, ya mita 3.3 kwa 1.6 karibu na mlango, ambapo gunia la unga na makala (makaa) vinashushwa bila kupita saloni, kisha jiko la mita 3.3 kwa 3.9. Magharibi ndiko jua la saa tisa na saa kumi linapiga, kwa hiyo kule mnaweka vyumba ambavyo mtu hapumziki ndani yake mchana.

Mita 6 za mbele zote ni saloni na meza ya kulia, ukitoa pembe ya ngazi: zinabaki mita za mraba 43 hivi. Meza iwe upande wa jiko, viti vya kupumzikia upande wa kioo.

Sasa hilo jiko wazi la kwenye picha. Kule lilikochorwa wanapika kwa umeme saa zote. Hapa, umeme wa SNEL ukikatika, babula, lile jiko la makala, inawashwa, na maharagwe ni ya makala hata umeme ukiwepo. Saloni iliyo wazi hadi paani inavuta hewa ya moto kwenda juu. Moshi wa jiko utapanda moja kwa moja hadi mezanini na kuingia vyumba vya kulala. Na ile hewa ya sumu ya makala, isiyo na rangi wala harufu, inapanda nao na inaua watu usingizini. Kwa hiyo jiko liwe na ukuta kamili na mlango unaojifunga, na kidirisha cha kupitishia sahani kikihitajika. Nje yake, ubavuni magharibi, jengeni jiko la makala la mita 2 kwa 2.5, paa lake likiwa lake peke yake, na pande mbili wazi. Babula isiingie ndani hata usiku wa baridi wa Juni na Julai.

Ngazi, na jinsi paa linavyokula vyumba

Hapa ndipo plani nyingi za shale zinaharibika, kwa sababu kwenye plani chumba cha juu kinaonekana sawa na cha chini. Hakiko sawa. Chukueni paa la digrii 40. Likianzia sakafuni kwenye ghorofa ya juu, mtu anapata kimo cha mita 2 baada ya kuingia mita 2.4 kutoka ukutani. Pande mbili zikitolewa, kati ya mita 8.6 mnabaki na mita 3.8 za kusimama. Mkiinua ukuta wa pembeni mita 1 juu ya sakafu hiyo kabla ya paa kuanza, kimo cha mita 2 kinapatikana baada ya mita 1.2 tu, na mnabaki na mita 6.2. Ukuta mfupi wa mita 1 unawapa karibu mita za mraba 19 zaidi za kutembea kwenye ghorofa yenye kina cha mita 8. Hakuna pesa itakayofanya kazi zaidi ya hiyo katika nyumba nzima.

Mkishusha paa hadi digrii 30 kwa ukuta uleule, upana wa kusimama unakuwa mita 5.1. Mkipandisha hadi 45 ni mita 6.6, faida ya sentimita 40 tu, huku fundi akifanya kazi kwenye mteremko wa hatari zaidi. Mimi nakaa kwenye 40. Jueni tu kwamba paa la digrii 40 linahitaji mabati karibu robo zaidi ya paa la kawaida la digrii 20 juu ya nyumba ileile. Kwa nyumba hii, paa likitoka mita 1 ubavuni na nyuma, na mita 1.5 mbele, ni kama mita za mraba 208 kabla ya kuhesabu mabati yanapolaliana. Yawe ya unene wa BG 28. Yale mepesi ya BG 32 yanapinda chini ya mguu wa fundi, na upepo wa ziwa unayainua.

Ngazi nayo ina kanuni yake. Kutoka sakafu kuu hadi juu ni mita 3: vipandio 17 vya sentimita 17.6, kila kimoja na sentimita 27 za kukanyagia. Ifanyeni igeuke katikati. Itachukua mita 3.1 kwa 2, na upana wa kila upande uwe sentimita 95 ili kitanda kipite. Isimame kwenye pembe ya nyuma ya saloni, ukuta wa magharibi, na kile kituo cha kugeukia kiwe ndicho kinachogusa ukuta wa nje. Sababu ni kimo: kituo kiko mita 1.6 chini ya sakafu ya juu, kwa hiyo hata pale ukutani kuna mita 2.6 juu ya kichwa. Kutoka hapo ngazi inapanda kuelekea katikati ya nyumba na kuwafikisha palipo juu zaidi. Ngazi inayokwenda kinyume, au iliyonyooka kufuata ukuta wa pembeni, inamfikisha mtu mahali ambapo paa linampiga kwenye paji la uso. Kosa hilo halirekebishiki baada ya sakafu kumwagwa. Ngazi ya kwenda bustanini inakaa chini ya hiyohiyo, katika nafasi ileile.

Ghorofa ya juu

Mita 4 za mbele ziachwe wazi juu ya saloni. Zaidi ya hapo ni kupoteza. Wazi la mita 6 linapendeza kwenye picha lakini linawanyima chumba kizima. Kuanzia mita ya 4 hadi ya 6 ni mezanini, kando ya ngazi: kama mita 5.4 kwa 2, meza ndefu ya watoto kusomea, ikitazama kioo. Nyuma yake, magharibi, chumba cha wazazi, mita 3.75 kwa 5.65. Mashariki bafu dogo, juu kabisa ya bafu la mama mzee; kati yake na chumba cha wazazi kikoridoo cha mita 1.1 kinachokwenda kwenye chumba cha wasichana, mita 4.7 kwa 3.6. Vyumba vyote viwili vinapata dirisha kwenye uso wa nyuma, kusini.

Ile sehemu ya chini ya paa, ambapo mtu hasimami, isiachwe tupu: makabati ya nguo, vichwa vya vitanda, na katika bafu kiti cha choo, kwa sababu anayeketi hahitaji kimo. Lakini mbele ya kiti pawe na kimo cha mita 2 cha kusimama, na bomba la kuogea liwe upande wa katikati ya nyumba. Bafu hilo halitakuwa na dirisha. Lipatieni bomba la hewa la milimita 150 linalotoboa paa karibu na kilele, na kioo juu ya mlango. Mchoraji atapendekeza vidirisha vinavyochomoza kwenye paa. Kila kimoja kinaleta mifereji miwili ya kuunganisha mabati, na kila mfereji ni mahali pa kuvuja kwa mvua zetu. Epukeni.

Chini ya mabati wekeni dari ya tripleksi (plaiwudi) iliyo sentimita 10 mbali na bati, na nafasi hiyo ipitishe hewa kutoka chini ya ukingo wa paa hadi kileleni. Bila hiyo, saa saba mchana vyumba vya juu havikaliki, na mvua ikinyesha mazungumzo yanakatika.

Ghorofa ya bustani

Ndani kuna mita 8.6 kwa 5.5, kwa kuwa ukuta wa nyuma utakuwa mnene. Mbele, kando ya koridoo ya mita 1.2 yenye mlango wa bustani, vyumba viwili vya 3.6 kwa 3.4: wavulana magharibi, wageni mashariki. Mgeni anapata mlango wake, wavulana wanapata uwanja wa mpira, na kelele haimfikii mama mzee. Nyuma, kwenye ukuta unaozuia udongo, wekeni ngazi, sehemu ya kufulia na bafu. Msiweke kitanda wala kabati la nguo kwenye ukuta huo hata siku moja. Ukuta wenye udongo nyuma hupitisha unyevu hata ukijengwa vizuri, na godoro litaota ukungu ndani ya mwaka.

Ukuta wenyewe uwe wa betoni yenye vyuma, unene na vyuma vikokotolewe na mhandisi. Nje yake upakwe lami, uvikwe plastiki nzito, kisha changarawe ya upana wa sentimita 30 kutoka chini hadi karibu na juu, na chini kabisa bomba lenye matundu la milimita 100 linalozunguka nyumba na kutokea upande wa ziwa. Mafundi wengi huruka bomba hilo kwa sababu halionekani. Maji yakikosa pa kutokea yanasukuma ukuta kwa nguvu kubwa kuliko udongo wenyewe. Kwenye bafu la chini, ukuta wa mashariki bado una nafasi juu ya udongo kwa dirisha la juu lenye kimo cha sentimita 60, lisisahaulike.

Kioo, pembetatu, na tetemeko

Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukavu na Rusizi. Kuta za pembetatu chini ya paa, zile mafundi wanaziita pinyoni, ziko kati ya sehemu zinazoanguka kwanza katika nyumba za matofali, kwa kuwa ni nzito, ndefu, na hazijashikwa juu. Nyumba yenu ina pinyoni mbili zenye kimo cha mita 3.8 kila moja juu ya usawa wa kuta za pembeni. Zisijengwe kwa matofali. Matofali yaishie kwenye mkanda wa betoni ulio juu ya ukuta, na pembetatu yote iwe ya fremu ya mbao na kioo mbele, mbao nyuma. Hapa mtindo na usalama vinakubaliana kabisa.

Mikanda ya betoni, shenaji, iwe mitatu: kwenye msingi, juu ya milango na madirisha, na juu ya kuta pale paa linapokaa. Kila mmoja uwe na vyuma vinne vya milimita 12, pete za milimita 8 kila sentimita 15, na izunguke nyumba bila kukatika. Pale pa kioo kikubwa ndipo hukatwa, na ndipo isipaswe kukatwa. Gawanyeni uso wa mbele kwa nguzo nne za betoni, mbili pembeni na mbili katikati zikiacha uwazi wa mita 3 hivi. Mikanda ipite kutoka nguzo hadi nguzo, na kioo kikae kati yake.

Jambo lingine halionekani kwenye picha. Paa kali juu ya ukuta mfupi linasukuma kuta nje, kama miguu ya ngazi ya kuegemea inavyoteleza sakafuni. Palipo na sakafu ya juu, sakafu inashika kuta. Juu ya saloni hakuna sakafu. Kwa hiyo, katika zile mita 4, kila fermu ya paa, yaani fremu ya pembetatu inayobeba mabati, iwe na boriti ya kuifunga kutoka ukuta hadi ukuta, mita 4 juu ya sakafu kuu, au fimbo ya chuma. Au kileleni iwekwe boriti kubwa inayobebwa na nguzo, ili miguu ya paa isisukume. Muulizeni mchoraji wenu amechagua lipi. Akijibu kwamba saloni lazima ibaki wazi kabisa bila kitu chochote, hajafikiria paa lake. Mbao ziwe kavu: mkaratusi mbichi hujipinda ukikauka, na kioo kilichofungwa ndani yake kinapasuka.

Kuhusu jua, kioo cha kaskazini hapa ni bahati. Bukavu iko karibu digrii 2.5 kusini mwa ikweta. Juni, saa sita mchana, jua liko kaskazini lakini digrii 26 tu kutoka utosini. Paa lililotoka mita 1.5 linatia kivuli mita 3 za kioo chini yake. Desemba jua liko kusini, halikigusi kabisa saa hiyo. Msigeuze kioo kikubwa magharibi kwa sababu yoyote ya mandhari. Vioo viwe vidogo kuliko mnavyofikiri, mita 1 kwa 1.5 kila kimoja: vinapita barabarani salama, na kimoja kikivunjika hamwagizi ukuta mzima. Chini ya kimo cha mita 1 tumieni kioo cha usalama, cha tabaka mbili. Na antivoli, vyuma vya kuzuia wezi, ichorwe mapema: vyuma vikifuata mistari ya fremu havionekani, lakini vikiongezwa baadaye saloni inafanana na gereza. Acheni sehemu moja ifunguke kutoka ndani, kwa ajili ya moto.

Balkoni ya mita 1.2 mbele ya saloni inatosha viti na inatia kivuli vyumba vya bustani. Uzio wake uwe mita 1.1, vyuma vya kusimama, nafasi isiyozidi sentimita 10. Vyuma vya kulala, watoto huvipanda.

Maji

Vyoo vyote vitatu na bafu zake viko kwenye mstari mmoja wa mashariki. Vipeni njia moja ya mabomba, sentimita 30 kwa 60, yenye mlango wa kuifungulia. Jiko peke yake liko magharibi na bomba lake linapita chini ya koridoo, kwa hiyo liwekwe kabla ya sakafu kumwagwa. Fosi septiki (tanki la maji machafu ya vyoo) iwe upande wa ziwa, angalau mita 5 kutoka nyumba, na shimo la kufyonza liwe mbali zaidi, kamwe lisiwe juu ya ukuta unaozuia udongo. Kwenye udongo wa mfinyanzi shimo hilo linanyonya polepole. Lifanyeni refu kama mtaro unaokatiza mteremko kwa usawa, badala ya kisima kirefu.

Paa lenu, likitazamwa kutoka juu, ni mita za mraba 160 hivi. Mvua ya milimita 20 inaleta lita 3,200, na mkitoa inayopotea mnabaki na 2,500. Tanki la lita 5,000 likae ubavuni mashariki, upande wa barabara, kwa hiyo bafu la chini linapata maji bila pampu hata maji ya bomba ya REGIDESO yakikauka. Mifereji ya paa iwe na upana wa sentimita 15, kwa sababu kwenye digrii 40 maji hushuka kwa kasi na huruka mfereji mwembamba. Yanayozidi yapitishwe kwenye mtaro wa mawe hadi mtaro wa mtaa. Yasimwagwe kwa jirani wa chini: hivyo ndivyo mifereji ya mmomonyoko inavyoanza.

Ikiwa pesa haitoshi

Ghorofa zote tatu zinafika mita za mraba 234 kwa nje. Ikizidi uwezo, punguzeni kina kutoka mita 12 hadi 10.5 kwa kufupisha vyumba vya nyuma. Msipunguze upana wa mita 9, kwa maana mtapoteza kimo cha juu mara moja. Kisha jengeni kwa awamu, lakini mjue ni nini kinaweza kungoja. Msingi, ukuta wa nyuma na bomba lake, nguzo, mikanda, paa zima na mabomba yote yaliyomo ndani ya betoni havingoji. Kuta za ndani za juu zinaweza kungoja: fanyeni za fremu ya mbao na tripleksi mwaka wa pili. Ghorofa ya bustani inaweza kubaki na sakafu ya betoni tupu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa mbao, wavulana wakilala juu kwa muda na wasichana mezanini nyuma ya pazia. Balkoni ni bora imwagwe pamoja na sakafu kuu hata kama uzio utakuja baadaye, kwa sababu balkoni iliyobandikwa kwenye sakafu ya zamani haishikani nayo. Mlango wake tu ufungwe kwa misumari mpaka uzio uwekwe.